Mswada wa Duka la Chumvi

Mji wa Guangfu uko katika jimbo la Hebei, kaskazini mwa China. Umezungukwa na ukuta, ukuta umezungukwa na handaki la maji, na nje ya handaki kuna bwawa pana la matete. Zamani ulikuwa makao makuu ya wilaya ya Yongnian. Anayetaka kusoma maandiko ya kale ya tai chi, sanaa ya ngumi ya Kichina, hana budi kuanzia hapa, si kwenye mlima Wudang ambako watalii hupelekwa kuonyeshwa watawa waliovaa nguo nyeupe. Karibu kila karatasi ambayo walimu wa tai chi wanaiheshimu leo ilipita mikononi mwa watu wa mji huu, na wengi wao walikuwa ndugu au wakwe.

Habari zao ni hizi. Palikuwa na ndugu watatu wa ukoo wa Wu: Chengqing, Ruqing na Yuxiang. Walikuwa na mashamba na vitabu, na walisomea mitihani ya serikali ya kifalme. Inasemekana moja ya nyumba zao waliwapangisha wafanyabiashara wa ukoo wa Chen, watu wa kijiji cha Chenjiagou huko Henan, ambao walifungua humo duka la dawa za mitishamba lililoitwa Taihetang. Mjini humo humo alikuwapo Yang Luchan, aliyezaliwa mwaka 1799 katika umaskini. Yang alikwenda Chenjiagou akajifunza ngumi za ukoo ule kwa Chen Changxing, mtu wa kizazi cha 14. Alikaa huko miaka mingapi, kila msimulizi ana hesabu yake. Aliporudi, Wu Yuxiang, aliyezaliwa mwaka 1812, akawa mwanafunzi wake. Baadaye Wu Ruqing, aliyekuwa na cheo katika wizara ya adhabu mjini Beijing, alimfungulia Yang njia ya kwenda kufundisha watoto wa mabwana wa Kimanchu. Huko ndiko Yang alikopata lakabu ya Asiyeshindwa.

Yang hakuacha maandishi tunayoweza kusema kwa hakika ni ya mkono wake, na wanahistoria wengi wanaamini hakuwa amesoma sana. Aliyejua kupigana hakuwa na kalamu, na wenye kalamu walikuwa wanafunzi wake. Jambo hili linaeleza mengi katika maandiko ya tai chi: lugha yake ya kisomi, mawazo yaliyochotwa katika Kitabu cha Mabadiliko na kwa wanafalsafa wa enzi ya Song kama Zhou Dunyi, na jinsi yanavyomsifu mtu mwenye akili tulivu kuliko mwenye misuli. Ni maandiko ya watu waliokuwa na nafasi ya kukaa kitako wakafikiri juu ya ngumi.

Mwaka 1852 Wu Chengqing alifaulu mtihani wa juu kabisa, akawa mkuu wa wilaya ya Wuyang, Henan. Mdogo wake Yuxiang alifunga safari kwenda kwake, na njiani akataka kumwona Chen Changxing. Mzee alikuwa amekwisha nguvu; mwaka uliofuata alifariki. Yuxiang akageukia mji wa jirani wa Zhaobao, akajifunza kwa Chen Qingping muda wa mwezi na siku kadhaa. Kisha akafika kwa kaka yake, na hapo historia yetu inaingia dukani. Inasimuliwa kwamba Chengqing alikuwa amepata mswada katika duka moja la chumvi la Wuyang, nao ulikuwa na risala ya mtu aitwaye Wang Zongyue, mwenyeji wa Shanxi.

Duka la chumvi! Katika nchi ambayo biashara ya chumvi ilishikwa na serikali, na kila duka lilikuwa na leseni na daftari, hakuna aliyetaja jina la mwenye duka wala jinsi karatasi ile ilivyofika kwenye rafu zake. Wako wanaoamini habari hii kama ilivyo. Wako pia wanaodhani kwamba ndugu wa Wu waliandika risala wenyewe, kisha wakaivisha jina la mtu wa kale, jambo ambalo halikuwa aibu kwa wasomi wa zama zile. Mimi naelekea upande wa pili, ingawa ushahidi wangu ni harufu tu: risala inanukia dawati la Guangfu.

Yenyewe ni fupi, ukurasa mmoja unatosha. Inaanza na asili ya ulimwengu, yin na yang kutengana katika mwendo na kuungana katika utulivu, kisha ghafla inashuka kwenye mkono wa adui. Akija na ugumu, mpokee kwa ulaini; akienda haraka, nenda naye haraka; usitangulie wala usichelewe. Aliyekuja na nguvu zake zote ajikute hana cha kusukuma, mfano wa mtu aliyeupiga mlango kwa bega akidhani una komeo, kumbe uko wazi. Halafu risala inageuka kuwa kali. Inawasema watu waliofanya mazoezi miaka mingi na bado wanashindwa, na inataja kosa lao kuwa ni uzito-mbili. Hapo ndipo wafasiri walipogawanyika. Kundi moja linasema kosa ni kuweka uzito sawa kwenye miguu yote miwili. Jingine linasema ni kupinga nguvu kwa nguvu pale mikono inapogusana. Risala ina maneno ya kutosha kumridhisha kila mmoja wao, na vitabu vya pande zote mbili vinaendelea kuchapishwa.

Mswada una mengine pia. Kuna wimbo wa kusukumana mikono, yaani zoezi la watu wawili kugusana mikono, kila mmoja akitafuta usawa wa mwenzake. Kuna maelezo ya mbinu 13: nane za mikono, ambazo ni kuinua, kuvuta, kubana, kusukuma, kunyakua, kupasua, kiwiko na bega, zikaoanishwa na alama nane za Kitabu cha Mabadiliko; na tano za miguu, mbele, nyuma, kushoto, kulia na kati, zikaoanishwa na dhahabu, mti, maji, moto na udongo. Mwanafunzi wa leo huziruka alama hizo akikimbilia kiwiko na bega. Si vibaya, ila akumbuke kwamba kwa waandishi alama hizo zilikuwa njia ya kuhifadhi: msomi aliyekariri alama nane tangu utotoni hawezi kusahau mbinu nane.

Wu Yuxiang alimrithisha mpwa wake, Li Yiyu, mtoto wa dada yake. Li alizaliwa mwaka 1832, na kwa maelezo yake mwenyewe alianza kujifunza kwa mjomba mwaka 1853. Huyu ndiye mtu ninayempenda kuliko wote katika nasaba hii. Watu wa ukoo wake walisimulia namna alivyofanya kazi. Akigundua jambo juu ya pigo au hatua, aliliandika kwenye kipande cha karatasi akakibandika karibu na kiti chake. Kisha alilijaribu kwa kusukumana mikono na watu. Likionekana na kasoro baada ya siku kadhaa, alikibandua, akaandika upya, akabandika tena, mpaka liwe sawa. Maandishi yake ya maneno matano, juu ya moyo mtulivu, mwili mwepesi, pumzi iliyokusanyika, nguvu iliyo kamili na roho iliyoelekezwa mahali pamoja, ndiyo yanayosomeka vizuri kuliko yote katika mkusanyo huu. Mtu anayeyasoma baada ya mazoezi ya jioni anaona kila sentensi ina mahali pake mwilini.

Karibu na mwaka 1881, mjomba wake akiwa ameshafariki, Li alinakili maandiko yote kwa mkono katika nakala tatu. Moja aliibakiza, moja akampa ndugu yake Li Qixuan, na moja mwanafunzi wake Hao Weizhen, ambaye hakuwa wa damu yake. Wachina huziita Vitabu Vitatu vya Zamani. Mwishoni aliandika kwamba mswada ulipatikana katika duka la chumvi la Wuyang, na utangulizi wake mfupi ulisema kwamba haijulikani ni nani aliyeanzisha tai chi.

Kauli hiyo ina historia. Katika utangulizi wa zamani zaidi, wa mwaka 1867, ambao umetufikia kupitia nakala ya mtu mwingine, Li aliandika kwamba tai chi ilianzishwa na Zhang Sanfeng wa enzi ya Song. Zhang ni mtawa wa Kitao wa mlima Wudang, mwenye miujiza, ambaye jina lake lilikwisha kuhusishwa na ngumi tangu mwaka 1669, pale mwanachuoni Huang Zongxi alipomwandikia mwalimu mmoja wa ngumi maneno ya kaburini. Katika miaka 14 Li alibadili mawazo. Kila ukoo wa mapigano hutafuta babu wa mbali zaidi, na ikiwezekana mtakatifu. Yeye babu huyo alikuwa naye tayari, akamfuta. Hakueleza sababu. Nadhani ni mazoea ya yule anayebandua karatasi ukutani.

Lakini Zhang Sanfeng hakufutika. Upande wa Yang, ambako wana wa Luchan, Banhou na Jianhou, walifundisha Beijing, maandiko yale yale yalizunguka yakiwa na ziada inayoyahusisha na mtawa wa Wudang. Kulikuwa pia na mkusanyo mwingine mrefu, sura 40, uliokaa kimya katika familia. Nakala ya ukoo wa Wu Jianquan, Wu mwingine ambaye baba yake alijifunza kwa akina Yang, ilichapishwa Hong Kong karibu miaka 100 baada ya nakala za Li.

Ufalme ulipoanguka, siri zikaingia kiwanda cha chapa. Mwaka 1912 Guan Baiyi alichapisha maandiko haya mjini Beijing. Mwaka huo huo Xu Yusheng alishiriki kuanzisha jumuiya ya utafiti wa elimu ya mwili, iliyowaajiri akina Yang Chengfu na Wu Jianquan kufundisha hadharani kwa ada. Miaka michache baadaye akatokea mzee Song Shuming, mtu wa karibu wa Rais Yuan Shikai, akiwa na mswada wake na nasaba iliyomfikisha kwa mwanafunzi wa Zhang Sanfeng. Walimu wakubwa wa mji walimwendea. Wakati ule hata mwenye mikono mizuri aliona afadhali awe na karatasi.

Katika miaka hiyo hiyo Hao Weizhen, mwenye nakala ya tatu, alifika Beijing akaugua. Aliyemtunza ni Sun Lutang, bingwa wa mitindo mingine ya ngumi, ambaye hawakuwa wamezoeana kabla. Hao alipopona akamfundisha alichonacho, na mwaka 1921 Sun akatoa kitabu chake cha tai chi. Hivyo mtindo mpya mzima ulizaliwa kwa uuguzi. Chen Weiming akafuata mwaka 1925 na kitabu cha mafunzo ya Yang Chengfu. Yang mwenyewe akatoa kimoja mwaka 1931 na kingine mwaka 1934, ambacho lugha yake ilisafishwa na mwanafunzi wake Zheng Manqing. Nimeona wasomaji wakipendelea cha pili kwa umaridadi wake. Cha kwanza kina mapigo zaidi.

Na Chenjiagou, walikoanzia wote? Huko wimbo wa kusukumana mikono ulijulikana kwa beti chache, lakini risala ya Wang Zongyue hawakuwa nayo. Mwanachuoni wao, Chen Xin, aliandika peke yake kuanzia mwaka 1908 hadi 1919, akieleza mzunguko wa nguvu unaofanana na kuvuta uzi wa hariri, kwa michoro na alama za Kitabu cha Mabadiliko. Alifariki mwaka 1929 bila kukiona kitabu. Kilichapishwa Kaifeng mwaka 1933.

Aliyevuruga sherehe ni Tang Hao, mwanasheria aliyesoma Japani. Mwaka 1930 alichapisha uchunguzi uliokanusha habari za Zhang Sanfeng, na inasimuliwa kwamba wapo walimu waliotaka kumpiga. Alikwenda Chenjiagou akasoma kitabu cha ukoo, akakuta pembeni mwa jina la Chen Wangting, mtu wa karne ya 17, maneno yanayomtaja kuwa mwanzilishi wa ngumi za ukoo. Kisha akalinganisha mapigo ya Wachen na mapigo 32 yaliyochorwa na jenerali Qi Jiguang katika karne ya 16, akaona 29 yanafanana. Kuhusu Wang Zongyue, Tang alinunua kwa wauza vitabu vya mtumba wa Beijing mswada wa mkuki wenye utangulizi wa mwaka 1795, unaomtaja mwalimu wa Shanxi aliyeishi Luoyang na Kaifeng. Akaamua kwamba ndiye. Wengi wamemfuata. Wengine wanaona kwamba Tang, aliyekuwa mkali kwa Zhang Sanfeng, kwa Wang alilegeza kamba.

Serikali mpya ya Kikomunisti ilitoa mwaka 1956 mtindo mfupi wa hatua 24 unaochezwa viwanjani duniani kote, na hauhitaji mswada wowote. Mwaka 1996 Douglas Wile alichapisha Marekani tafsiri za maandiko ya ukoo wa Wu, ya Li na ya Yang, pamoja na hoja nzito kwamba wasomi wa Guangfu waliandika wakati nchi yao imepigwa na mizinga ya wageni na vita vya ndani, na ulaini kuushinda ugumu haukuwa habari ya ngumi peke yake. Mwanzoni mwa karne hii kikazuka kitabu cha ukoo wa Li wa kijiji cha Tang, Henan, chenye tarehe ya mwaka 1716, ambacho watetezi wake wanasema kinaipeleka tai chi nyuma zaidi na nje ya mikono ya Wachen. Wapinzani wanahoji uhalali wake. Mwaka 2020 UNESCO iliiandikisha tai chi katika orodha ya urithi wa binadamu. Chenjiagou, Zhaobao, kijiji cha Tang na Wudang bado wanashtakiana kwa vitabu, na hakuna kati yao aliyekubali kuanza na utangulizi wa Li Yiyu.