WALIANZA KUSHINDWA SIKU WALIYOSHINDA



Ndugu yangu msomaji, wiki iliyopita baada ya darsa kijana mmoja aliniuliza: "Ustadh, Hitler alishindwa vipi, na jeshi lake lilikuwa halishikiki?" Wenzake wakamjibu kabla sijafungua mdomo: Wamarekani walishuka Normandy. Ndivyo filamu zilivyotufundisha. Lakini Normandy ni Juni 1944. Kufikia siku hiyo mizani ilikuwa imeshageuka, na iligeuka ndani ya miezi minane tu, kati ya Juni 1942 na Februari 1943, katika sehemu tatu. Soma taratibu, uone ni kitu gani kimoja kimezipitia zote tatu.

Tuitazame hali ilivyokuwa. Mwanzoni mwa 1942 Ujerumani ilikuwa imeshaiangusha Ufaransa na imeingia ndani kabisa ya Urusi. Japani ilikuwa imeipiga Pearl Harbor tarehe 7 Desemba 1941, na Februari iliyofuata ikaichukua Singapore. Mwezi wa Aprili meli zake za kubeba ndege za vita zikaingia Bahari ya Hindi, zikaipiga Colombo na Trincomalee katika kisiwa cha Ceylon, ndiyo Sri Lanka ya leo. Manowari za Waingereza zikarudi nyuma mpaka wapi? Kilindini, Mombasa. Wataalamu wao wa kufumbua siri za Wajapani wakawekwa katika shule ya Allidina Visram, hapo hapo Mombasa. Naam, vita vilifika mlangoni kwetu.

KWANZA: MIDWAY, JUNI 1942.

Wajapani walipanga kukiteka kisiwa kidogo cha Midway, katikati ya Bahari ya Pasifiki. Kabla ya safari walifanya zoezi la vita mezani. Katika zoezi hilo, meli zao mbili za kubeba ndege zikahesabiwa kuwa zimezama. Afisa mkuu akaamuru hesabu ipunguzwe! Wakati huo Wamarekani walikuwa wanasoma sehemu ya siri zao. Hawakuwa na hakika kama lile jina la siri, "AF", lilikuwa na maana ya Midway. Wakatangaza kwa makusudi kwamba mtambo wa maji wa Midway umeharibika. Muda si mrefu Wajapani wakaambizana kwamba "AF" haina maji. Jibu likapatikana. Asubuhi ya tarehe 4 Juni, ndani ya dakika chache, Akagi, Kaga na Soryu zilikuwa zinawaka moto, na jioni ikafuata Hiryu. Zote nne zilikuwapo Pearl Harbor, na tatu kati yake ndizo zilizotisha Bahari ya Hindi miezi miwili tu nyuma.

PILI: EL ALAMEIN, OKTOBA HADI NOVEMBA 1942.

Tarehe 21 Juni jemadari wa Kijerumani Rommel aliiteka Tobruk, nchini Libya. Hitler akampandisha cheo. Mpango ulikuwa kukiteka kwanza kisiwa cha Malta, maana kutoka huko Waingereza walikuwa wanazamisha meli zinazomletea mafuta. Lakini ushindi una ulevi wake. Malta ikaahirishwa, Rommel akakimbilia Misri, macho yake yakiwa kwenye Mfereji wa Suez. Akasimamishwa El Alamein, kama kilomita 100 kutoka Alexandria. Usiku wa tarehe 23 Oktoba Montgomery akamfungulia mizinga, akiwa na vifaru karibu mara mbili ya vyake. Rommel alikuwa na ujuzi, alikuwa na askari hodari, lakini mafuta hana. Kifaru bila mafuta ni chuma tu jangwani. Tarehe 4 Novemba akaanza kurudi nyuma, na Mei 1943 majeshi ya Ujerumani na Italia yakasalimu amri Tunisia.

TATU: STALINGRAD, AGOSTI 1942 HADI FEBRUARI 1943.

Hapa ndipo palipovunjika uti wa mgongo. Hitler aligawa nguvu zake: jeshi moja liende Kaukazi kutafuta mafuta, jingine liteke Stalingrad kwenye mto Volga. Ubavu wa jeshi hilo akaachiwa mwenzake, Mromania, ambaye silaha zake za kuzuia vifaru zilikuwa haba. Warusi wakapigana nyumba kwa nyumba mjini, na huku nyuma wanakusanya nguvu. Tarehe 19 Novemba wakaupiga ubavu ule ule dhaifu. Siku nne baadaye zaidi ya watu 250,000 walikuwa wamezingirwa. Goering akaahidi kuwalisha kwa ndege. Walihitaji angalau tani 300 kwa siku. Kwa wastani zikafika kama 100. Tarehe 30 Januari 1943 Hitler akampa jemadari Paulus cheo cha juu kabisa, kwa kuwa hakuna Mjerumani wa cheo hicho aliyewahi kujisalimisha. Kesho yake Paulus akajisalimisha. Waliotekwa mwishoni walikuwa kama 91,000. Waliorudi makwao, baada ya miaka mingi, ni kama 6,000.

Umekiona kile kitu kimoja? Hakuna hata mmoja aliyekosa ushujaa. Kila mmoja alikuwa ametoka kushinda, akaacha kuhesabu. Mmoja alifuta hesabu mezani, wa pili hakuhesabu mafuta, wa tatu hakuhesabu mkate wa askari wake. Aliyeanguka jana huangalia anapokanyaga. Aliyeshinda jana hutazama mbele tu.

Na jambo la mwisho, ndugu yangu, usilisahau. Mizani kugeuka si vita kwisha. Februari 1944, mwaka mzima baada ya Stalingrad, meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo. Ndani yake walikuwamo askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Tarehe 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani ikaipiga. Ilizama ndani ya dakika chache, na watu zaidi ya 1,200 wakafa. Majemadari walikosea hesabu, na walioilipa ni vijana ambao vita havikuwa vyao.

Basi ukishinda jambo leo, iwe ni kesi, biashara au ubishi na mkeo, kaa chini uhesabu upya. Na umwulize babu au bibi yako kama katika ukoo wenu yupo aliyepanda meli asirudi. Akikutajia jina, liandike.

Wabillaahi tawfiiq.