Saa ya Kando ya Kitanda

Mtu aliye macho aweza kujidai kuwa bwana wa wakati wake, lakini mtu aliyelala ni mgeni wa wengine. Hajui kama usiku umefika nusu au umekwisha. Hajui kama mvua imenyesha wala kama jirani amepita. Kwa sababu hiyo, tangu zamani, kila alalaye humwachia mwingine kazi ya kukesha kwa niaba yake. Kwetu pwani kazi hiyo ilikuwa ya jogoo na ya mwadhini. Wasafiri waliagana kuondoka jogoo la kwanza au jogoo la pili, na aliyesikia adhana ya alfajiri hakuhitaji kuambiwa tena kuwa kunakucha. Katika miji ya viwanda ya Uingereza walikuwapo watu waliolipwa kupita mitaani kabla ya mapambazuko, wakigonga madirisha kwa fimbo ndefu, ili wafanyakazi wasichelewe zamu zao. Leo wengi wameiweka amana hiyo katika simu ya mkononi. Lakini baina ya jogoo na simu ipo saa ya umeme yenye redio ndani yake, ambayo kwa miaka mingi ilitawala meza za kando ya kitanda. Historia ya saa hiyo ndiyo nitakayo kuieleza hapa, maana nilipata kuiamini kabla ya kuijua, na imani hiyo ilinigharimu.

Miaka mingi iliyopita ndugu yangu mmoja alirudi kutoka Marekani akaniletea zawadi ya saa ya namna hiyo, mpya, na tarakimu zake nyekundu kama makaa. Kwa kuwa umeme wa huko ni wa volti 120 na wetu ni wa volti 230, alinipa pamoja nayo transfoma ya kupunguza nguvu. Zawadi ilikaa siku kadhaa bila ya kufunguliwa. Jioni moja, nikiwa Dar es Salaam, ikanijia habari kwamba mjomba wangu amefariki Unguja, na kwamba atazikwa siku ya pili kabla ya adhuhuri. Ilinipasa nipande boti ya asubuhi. Nikaifungua saa, nikaiunga na umeme, nikaitengeneza saa tatu kamili ya usiku kwa kufuata saa ya jirani, kisha nikaiamuru iniamshe saa kumi na moja alfajiri.

Saa ilitii. Redio ilisema, nikafungua macho, na tarakimu zilionyesha saa kumi na moja kamili bila ya kupungua wala kuzidi. Lakini jua lilikuwa limekwisha ingia dirishani. Kwa kweli ilikuwa saa kumi na mbili na dakika 36. Boti ilikwenda bila mimi, na nilipofika Unguja kwa chombo kilichofuata niliwakuta watu wanatoka makaburini. Nilimpa mkono wa pole shangazi yangu, naye hakuniuliza neno. Wahenga walisema: chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mimi sikuchelewa kwa uvivu. Nilichelewa kwa kuitii saa.

Nilidhani saa ni mbovu. Nilipoipeleka kwa fundi wa umeme, aliigeuza, akasoma maandishi ya mgongoni mwake, akatikisa kichwa. Akasema, "Haina ubovu, ndugu yangu. Saa hii haijui saa. Hupokea tu hesabu ya mtambo." Maneno hayo sikuyafahamu siku ile, lakini yalinipeleka katika vitabu, na humo nilikuta kwamba kosa langu lilikuwa na historia ndefu.

Saa za kuamsha za zamani zilijua wakati kwa nafsi zao. Mwaka 1787 Levi Hutchins, mtengenezaji saa wa Concord katika jimbo la New Hampshire, Marekani, alijitengenezea saa iliyoweza kugonga kengele kwa wakati mmoja tu, nao ni saa kumi ya alfajiri, kwa kuwa ndio wakati aliotaka yeye kuamka. Mwaka 1847 Mfaransa Antoine Redier alipata hataza ya saa ya kengele ambayo kila mtu aliweza kuichagulia wakati autakao. Saa hizo zilikuwa na kamani ndani yake, na gurudumu dogo la kwenda na kurudi ambalo ndilo lililopima mwendo. Ukizipeleka Bombay au Mombasa, mwendo wao ni ule ule. Zilipotea dakika mbili tatu, zikarekebishwa; lakini zilikuwa na akili zao zenyewe.

Umeme ulipoingia majumbani, mambo yaligeuka. Umeme wa nyumbani hauendi upande mmoja kama maji katika mfereji, bali huenda na kurudi: Marekani mara 60 kwa kila sekunde, na katika Uingereza na Afrika Mashariki mara 50. Mmarekani mmoja, Henry Warren, wa mji wa Ashland katika jimbo la Massachusetts, alifikiri kwamba kama umeme una mwendo wa namna hiyo, basi yafaa kutengeneza saa isiyo na kamani wala gurudumu la kupimia, ambayo kazi yake ni kufuata tu mwendo wa umeme. Fikira ilikuwa nzuri, lakini saa zake za kwanza zilikwenda ovyo. Warren akagundua kwamba kosa halikuwa katika saa, bali katika kituo cha umeme. Mashine za kituo ziliharakisha na kupunguza mwendo katika siku, na hapana aliyejali, maana taa huwaka vile vile.

Dawa aliyoitoa ilikuwa ya busara. Alitengeneza saa kuu yenye akrabu mbili katika uso mmoja: moja iliendeshwa na penduli iliyo sahihi, na ya pili iliendeshwa na umeme wa kituo chenyewe. Kazi ya msimamizi wa mashine ikawa kuzitazama akrabu hizo zisiachane. Ya umeme ikitangulia, mashine zipunguzwe. Ikibaki nyuma, ziongezwe. Saa hiyo ilianza kazi katika kituo kimoja cha umeme cha Boston mwezi wa Oktoba, 1916. Tangu hapo kila nyumba iliyopata umeme wa kituo kilichofuata desturi hiyo ilipata pamoja nao wakati sahihi, kama vile mtu anunuaye maziwa akapewa na chombo. Saa za Warren ziliitwa Telechron, jina lililotokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya wakati utokao mbali. Jina lenyewe lilikuwa ungamo, laiti ningalilijua mapema.

Sasa hesabu ya msiba wangu yaeleweka. Saa iliyotengenezwa kuhesabu mizunguko 60 na kuiita sekunde, ikipewa mizunguko 50, huhitaji muda mrefu zaidi kuitimiza. Katika kila saa moja ya kweli huhesabu dakika 50 tu. Mimi niliiamuru ihesabu saa nane, tangu saa tatu ya usiku hata saa kumi na moja; nayo ilizihesabu zote nane kwa uaminifu, lakini zilichukua saa tisa na dakika 36. Transfoma ilibadili nguvu ya umeme. Haikubadili mwendo wake. Ilipunguza volti, ikaacha mizunguko kama ilivyo. Saa haikusema uongo. Ilikuwa kama mjumbe mwaminifu aliyepewa habari katika lugha asiyoijua.

Katika vitabu hivyo nilikuta jambo jingine lililonipendeza kuliko yote. Saa inayofuata umeme ina hatari moja: umeme ukikatika kwa robo saa kisha ukarudi, saa huendelea kutoka pale iliposimama, na mwenye nyumba akiitazama asubuhi haoni dalili yoyote kwamba imebaki nyuma. Kwa hiyo saa za Telechron zilizoweza kuanza zenyewe zilitiwa alama ndogo nyekundu usoni. Umeme ukikatika hata kidogo, alama hiyo hujitokeza, nayo hukaa hapo mpaka mwenyewe aje kuirekebisha saa. Watengenezaji walitambua kwamba chombo kisichoweza kuepuka kosa chaweza walau kulikiri. Hili ni funzo ambalo wanadamu wengi hawajalifikia.

Redio ilikuja katika njia yake, ikakutana na saa kitandani. Tarehe 5 Februari 1924 stesheni ya BBC ilianza kutoa milio sita ya kutangaza saa kamili, kwa msaada wa wanajimu wa Greenwich. Basi redio nayo ikawa mlinzi wa wakati. Kwetu Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na matangazo ya Kiswahili ya BBC kutoka London mwaka 1957, na nyumba nyingi zikazoea kupanga mambo ya siku kwa taarifa ya habari. Huko Marekani, katika miaka ya 1940, saa ya umeme na redio zilitiwa katika sanduku moja, ili mtu aamshwe na muziki au maneno badala ya kengele ya kushtua. Mwaka 1956 kampuni ya General Electric, iliyokuwa imekwisha kuichukua Telechron, ilitoa saa yenye kitufe cha kumpa mwenye usingizi dakika chache zaidi. Mwaka 1968 Sony ya Japani ilitoa redio ya saa yenye vibao vidogo vya tarakimu vilivyopinduka kimoja kimoja. Katika miaka ya 1970 zikaenea tarakimu za taa nyekundu, zisizo na mlio wala kitu kiendacho. Na ndani ya nyingi za saa hizo, kazi ilikuwa ile ile ya Warren: kuhesabu mizunguko ya umeme wa ukutani.

Alama nyekundu ya Telechron nayo haikufa. Umeme ukikatika katika saa ya tarakimu, ukarudi, tarakimu zote huanza kupepesa, aghalabu zikionyesha kumi na mbili kamili. Watu wengi huudhika nazo. Mimi siudhiki tena. Kupepesa huko ni saa inayosema: nilipotea, sijui tuko wapi, niambie. Ningalipenda zaidi saa iliyopepesa usiku ule kuliko ile iliyonionyesha saa kumi na moja kwa utulivu.

Wala asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya nchi zenye umeme wa shida. Mapema mwaka 1018 ukiongeza miaka elfu moja, yaani 2018, saa za namna hiyo katika nchi 25 za bara la Ulaya zilibaki nyuma kwa karibu dakika sita. Sababu ilikuwa ugomvi baina ya Serbia na Kosovo: umeme uliopaswa kutiwa katika mtandao wa pamoja haukutiwa, mashine za bara zima zikalemewa kidogo, na mwendo ukashuka chini ya 50 kwa kiasi ambacho taa haikionyeshi. Mtu wa Ufaransa au Ujerumani, asiyejua habari za ugomvi ule, alichelewa kuamka kwa sababu yake.

Basi mwenye kuiweka saa hii kando ya kitanda chake ayatazame mambo machache. Kwanza, asome maandishi ya nyuma au ya chini: volti ngapi, na mizunguko mingapi. Zipo saa zenye kidude cha kuchagua 50 au 60. Pasipo na kidude hicho, na maandishi yakataja 60 peke yake, saa hiyo haifai kwetu, ingawa redio yake yaweza kuimba vizuri. Pili, atie betri ya akiba ikiwa nafasi yake ipo. Ajue lakini kwamba betri hiyo kwa kawaida hulinda hesabu tu, wala haiwashi redio, na hesabu yake usiku wa giza si sahihi kama ya umeme. Tatu, aichague stesheni na kuipandisha sauti yake akiwa macho, kwani stesheni isiyoshika mawimbi haimwamshi mtu. Nne, aitazame nukta ndogo itenganishayo usiku na mchana.

Na hapo sisi tusemao Kiswahili tuna kazi ya ziada. Saa ya kigeni huanza siku yake usiku wa manane. Sisi huanza kuhesabu mchana kunapokucha, na usiku jua linapotua. Katika saa ya akrabu jambo hili halikuwa zito, maana jicho liliisoma akrabu kwa kuvuka uso: ikielekea saba, upande wake wa pili ni moja, na moja ndiyo saa yetu. Tarakimu nyekundu hazina upande wa pili. Mtu hana budi kuongeza sita au kupunguza sita, gizani, akiwa nusu macho, na hapo ndipo wengi huamshwa jioni.

Saa ile ningali nayo. Sikuitupa, wala siitumii kuamkia. Huitazama na kukumbuka kwamba kila aaminiye chombo huwaamini pia watu wasioonekana: msimamizi wa mashine, fundi aliyeuchagua mwendo, nchi mbili zigombanazo mbali. Kumwamini mwingine si kosa, kwa kuwa asiyeamini hawezi kulala. Kosa ni kulala bila ya kuuliza saa yako hupata saa yake kwa nani. Kabla ya safari yoyote kubwa, huitengeneza saa mchana, nikaiacha ihesabu saa moja mbele ya macho yangu, ndipo nikaikabidhi usiku.