Nani Alisema Mali Ikiuzwa Hairudishwi?

Wasee wa Lodwar, Kakuma na Nakalale, hii sentensi mnaijua: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Iko kwenye risiti, iko kwenye ukuta wa duka, na siku hizi hata muuza viatu wa Instagram ameibandika kwenye ukurasa wake. Simu inafika haiwaki, unalalamika, unarushiwa hiyo sentensi, halafu unablokiwa. Wengi hunyamaza wakidhani hiyo ni sheria. Si sheria. Na vita hii ni ya zamani kuliko intaneti.

Anza na mbuzi. Mtu akienda sokoni kununua mbuzi, anamshika, anamfungua mdomo aone meno, anamtembeza. Akishalipa halafu agundue mbuzi ni kilema, atamlaumu nani? Sheria ya zamani ya Uingereza ilifikiri hivyo hivyo: mnunuzi ajichunge. Ina maana, mradi mbuzi yuko mbele yako.

Shida ilikuja watu walipoanza kununua vitu wasivyoviona. Mwaka 1815 kulikuwa na kesi huko Uingereza, Gardiner dhidi ya Gray. Jamaa alinunua magunia ya mabaki ya hariri bila kupata nafasi ya kuyakagua. Mzigo kufika, haukuwa wa kuuzika. Jaji Ellenborough akaamua kwamba mtu ambaye hakupewa nafasi ya kukagua hawezi kuambiwa ajichunge. Lazima apewe kitu chenye ubora unaofaa jina lililotumika kukiuza. Si hiyo ni kununua online tu, ila bila bando?

Wazo hilo likaingia kwenye sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, na Wakoloni wakaileta Kenya. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa ilianza kutumika tarehe 1 Oktoba 1931. Inasema bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ifanane na maelezo hayo. Cheka kidogo: wakati huo Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, mgeni haingii bila kibali. Haki ya mnunuzi ilikuwa imeandikwa Nairobi, sisi tukiwa nyuma ya kizuizi.

Lakini sheria hiyo iliacha mlango wa nyuma. Iliruhusu muuzaji na mnunuzi wakubaliane kuziweka kando haki hizo. Hapo ndipo "hairudishwi" ilipopata nguvu. Muuzaji anaiandika, wewe unalipa, basi anadai mlikubaliana.

Mlango huo ulikaa wazi miaka mingi. Kambi ya Kakuma ikaanzishwa mwaka 1992. M-Pesa ikaja Machi 2007, na mtu wa Turkana akaweza kumlipa mtu wa Nairobi ambaye hajawahi kumwona. Kisha Katiba ya 2010, kifungu cha 46, ikampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na fidia akiumia au akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Baadaye Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, iliyoanza kufanya kazi Machi 2013, ikafunga ule mlango: haki inazokupa hubaki zako hata kama kuna makubaliano ya kuziacha. Kwa hiyo akikuuzia kitu kibovu, ile sentensi ya risiti haimwokoi.

Na kuna sehemu ya mikataba ya intaneti. Sheria inasema ni mikataba inayofanywa kwa mawasiliano ya maandishi mtandaoni. Kwa kusoma kwangu, chati zako za WhatsApp na muuzaji zinaingia hapo. Kwa manunuzi yanayozidi kiwango kilichowekwa, muuzaji lazima akupe habari muhimu kabla hujakubali, na nakala ya mkataba. Asipokupa hizo habari, unaweza kuvunja mkataba hadi siku 7 baada ya kupata nakala. Asipokupa nakala kama inavyotakiwa, una siku 30 tangu mlipokubaliana.

Sasa ukweli mchungu. Sheria iko, lakini umbali uko pia. Kiatu cha 1,500 kikija kimepasuka, kukirudisha Nairobi kwa parseli kunakula pesa na siku. Kule kambini wakimbizi wengi wamekuwa wakitumia laini zilizosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, kwa hivyo hata ushahidi wa malipo hauna jina lao. Wauzaji wabaya wanajua hilo. Wanatuhesabia kilomita.

Ndiyo maana nasema tusiwarahisishie kazi. Hifadhi picha ya tangazo kabla halijafutwa, maana hayo ndiyo maelezo ya bidhaa. Weka ujumbe wa M-Pesa. Fungua parseli ukirekodi video. Andika madai yako kwa maandishi, usipige simu tu. Akikataa, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, au nenda mahakamani. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo inagusa madai yasiyozidi shilingi milioni 1, inataka uamuzi ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia bila wakili.

Mwaka 1815 mtu aligombania magunia ya mabaki ya hariri, na uamuzi ule unakulinda wewe leo. Mtu akikwambia mali ikiuzwa hairudishwi, muulize: hata ikiwa mbovu? Akuonyeshe hiyo sheria.