Jinsi Neno "Jenga" Lilivyopata Mwenyewe

Muuza saruji na mabati wa hapa Same akitaka kuandika "jenga" kwenye kibao cha duka lake, hamwombi mtu ruhusa. Mtengenezaji wa michezo ya mezani akilitumia neno hilohilo Ulaya au Marekani ataandikiwa na wanasheria. Kwenye michezo, neno hilo ni alama ya biashara: mali ya kampuni ya Pokonobe Associates, na kampuni ya michezo ya Hasbro huitumia kwa leseni.

Mchezo wenyewe, Jenga, ulizinduliwa London mwaka 1983 na Leslie Scott, Mwingereza aliyezaliwa Tanganyika na kukulia Afrika. Ni vipande 54 vya mbao vilivyopangwa vitatu vitatu hadi ngazi 18. Unachomoa kimoja kwa mkono mmoja, unakiweka juu, mwenzako anashusha pumzi. Vipande vya kwanza vilitoka kiwanda cha mbao cha Takoradi, Ghana, familia yake ilipokuwa ikiishi huko.

Kwa kawaida sheria hukataa jina linaloitaja bidhaa yenyewe: ukiuza sukari, huwezi kulimiliki neno "sukari". Lakini masikioni mwa mnunuzi wa London, "jenga" lilikuwa sauti ngeni isiyotaja chochote. Sisi tulioizoea sauti hiyo hatukuwapo mezani, na hilo linaniuma.

Wengine walipigania maneno yao. Desemba 2012 kitabu cha M.C.A. Hogarth kiliondolewa Amazon kwa madai ya Games Workshop, kampuni ya michezo ya Nottingham, kwamba "space marine" ni alama yake, ingawa waandishi wa hadithi za anga wamelitumia jina hilo tangu miaka ya 1930. Wasomaji walipiga kelele, na Februari kitabu kikarudi. Kenya nayo ilipinga kampuni ya Uingereza iliyotaka kusajili "kikoy", na ombi likagonga mwamba.

Huku kwetu Upareni pia kupinga si jambo geni. Katika miaka ya 1940 kodi mpya ya kupanda kwa kadiri ya mali ilipewa jina la ushuru wa jadi, mbiru. Kilichowakera watu zaidi ni kodi yenyewe, lakini jina la heshima halikuwalaghai. Mwaka 1945 wanaume walishuka milimani kwa maelfu, wakapiga kambi Same kwenye makao ya wilaya. Mwaka uliofuata wanawake wa Usangi wakaandamana. Kodi ikafutwa.

Kambi ya leo ni ya karatasi. Kwa Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986, BRELA, wakala wa usajili wa biashara, hutangaza ombi la alama kwenye jarida lake, na mwenye pingamizi ana siku 60. Zikipita kimya, alama husajiliwa kwa miaka 7, kisha huhuishwa kila baada ya miaka 10. Zanzibar ina daftari lake, hivyo pingamizi la Bara halivuki bahari. Huko lazima lipelekwe upya.