Ufunguo wa sanduku la fundi

Ndugu msomaji, mwezi uliopita nilikwenda Bariadi kwa shughuli ya kifamilia. Mjomba wangu, aliyekuwa fundi mchundo, alifariki dunia mwaka jana, na ndugu tulikutana kugawana vile vichache alivyoacha. Tukiwa katikati ya kikao akapita kijana mnunuzi wa vyuma chakavu, na mkokoteni wake na mizani. Akaliona sanduku kubwa la chuma chini ya mwembe. Akaligonga kwa kidole, akataja bei ya kilo.

Baadhi ya ndugu walikubali hapo hapo. Sanduku lilikuwa zito, limeshika kutu pembeni, na ufunguo wake ulikuwa haujulikani ulipo. Mimi nilikataa. Mjukuu wa marehemu, kijana wa miaka 19, akaniuliza kwa adabu: "Baba mdogo, kwani hicho si chuma tu?" Nikamwambia akae nimweleze. Niliyomweleza siku ile ndiyo ninayotaka tuyazungumze leo.

Historia ya ufundi wa chuma katika nchi ya Wasukuma inaweza kusimuliwa kwa swali moja tu: zana za kazi ni za nani, na ufunguo wake uko mfukoni mwa nani?

Kabla ya ukoloni, majembe mengi yaliyolima Usukuma yalitoka kwa wahunzi, hasa Warongo wa upande wa Geita na Biharamulo, kusini magharibi mwa Ziwa Victoria. Watu hao waliyeyusha mawe ya chuma kwa mkaa na mivukuto, wakafua majembe yaliyosafiri mbali. Jembe halikuwa la kulimia peke yake. Lilihesabiwa katika mahari, na mtu aliweza kulibadilisha kwa mbuzi au nafaka. Mhunzi alikuwa na nyundo yake, fuawe lake na mvukuto wake, wala hakuna aliyemwazima.

Kisha yakaja majembe ya viwanda vya Ulaya, kwa bei ambayo mhunzi hakuiweza. Tanuru zikazimika moja baada ya nyingine. Mwaka 1928 reli kutoka Tabora ikafika Mwanza, ikipitia Malampaka katika Maswa, na pamba ikawa ndiyo kila kitu. Zikajengwa jineri za kuchambulia pamba, nyingi zikiwa mali ya wafanyabiashara wa Kiasia. Mtoto wa Kisukuma akarudi kwenye chuma, lakini safari hii kama kibarua. Spana aliyoishika ilikuwa ya tajiri.

Mwaka 1955 wakulima waliunganisha vyama vyao katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani, na baadaye shirikisho hilo likamiliki jineri zake lenyewe. Lilikuwa jambo la fahari kubwa. Mwaka 1976 Serikali ikavivunja vyama vikuu vya ushirika, na katika miaka ya 1980 vikarudishwa. Wenye mali walibadilika mara zote hizo. Lakini mjomba, aliyefanya kazi katika jineri moja ambayo sitaitaja, aliniambia kuwa kwake yeye utaratibu ulikuwa ule ule: asubuhi unasaini spana stoo, jioni unairudisha, na ikipotea unakatwa mshahara. Ufunguo ulikuwa kwa mtunza stoo.

Naye alifanya jambo ambalo wenzake walilicheka. Ile miaka migumu baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, wakati hata sabuni ilikuwa ya kupanga foleni, yeye alianza kununua zana zake mwenyewe, moja moja. Mwezi huu bisibisi, baada ya mavuno tupa, mwaka unaofuata spana mbili. Alizificha kwenye gunia chini ya kitanda. Mwaka 1993 gunia likawa halitoshi, akaamua kutengeneza sanduku hapo hapo nyumbani. Nilikuwa na miaka 11, na kazi yangu ilikuwa kushikilia bati.

Alinunua mapipa mawili yaliyokuwa na oili ya mashine. Pipa la lita 200 ukiliondoa mifuniko na kulikunjua, unapata bati la urefu wa karibu sentimeta 180 na upana wa karibu sentimeta 88, tena bati nene kuliko la kuezekea. Aliyaosha kwa majivu na maji ya moto, kisha akayajaza maji na kuyaacha usiku kucha. Hakuthubutu kuyasogeza karibu na moto. Alinionya kuwa pipa tupu la mafuta ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke unaobaki ndani ukikutana na cheche hulipuka. Onyo hilo naomba kila kijana wa karakana alishike hata leo, maana kuna watu wameacha roho zao hapo.

Umeme nyumbani hatukuwa nao, wala mashine ya kuchomelea. Alikata kwa tindo aliyoifua kutoka kwenye springi ya lori. Fuawe lake lilikuwa kipande cha reli. Bati alilinyoosha kwa nyundo ya mti ili lisipate mashimo, akalikunja juu ya ukingo wa reli taratibu, kidogo kidogo, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kila ukingo aliukunja mara mbili, kwa sababu bati lililokunjwa halipindi na halikati mikono. Pembe aliziimarisha kwa engo za kitanda cha chuma kilichovunjika. Ribiti alizitengeneza kwa misumari ya inchi 5, akiikata na kuigonga hadi ikatoa kichwa pande zote mbili.

Sakafu aliifanya ya bati mbili, kwani uzito wote hukaa pale, akaiinua juu ya engo mbili ili sanduku lisigusane na udongo wenye unyevu. Kifuniko alikiacha kishuke nje ya ukuta wa sanduku kiasi cha vidole viwili, mvua isipenye. Hata komeo la kufuli alilipiga ribiti ambazo mwizi hawezi kuzifikia kwa tindo kifuniko kikiwa kimefungwa. Lilipokwisha lilikuwa na urefu wa sentimeta 90, na kina na upana wa sentimeta 45. Hata likiwa tupu lilitaka watu wawili. Kazi hiyo ilimchukua wiki tatu, baada ya saa za kazi.

Majirani waliuliza kwa nini ajisumbue namna hiyo kwa sanduku. Jibu lilikuja lenyewe. Mwaka 1994 biashara ya pamba ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Wengine walipata faida, lakini jineri ya mjomba ilikosa pamba ya kutosha, na mwaka uliofuata wafanyakazi wakapewa barua. Mafundi waliojua kazi miaka 15 walitoka getini mikono mitupu. Ujuzi wanao kichwani, lakini spana zimebaki stoo. Baadhi yao walikwenda kuchunga ng'ombe za wengine.

Mjomba alirudi nyumbani, akafungua sanduku lake. Wiki ile ile alitengeneza jembe la kukokotwa na ng'ombe, kisha baiskeli, kisha mashine ya kusaga. Alisomesha watoto sita. Alikuwa akisema, "Mimi sikuachishwa kazi. Niliachishwa mshahara tu."

Ndugu msomaji, nayasema haya kwa sababu swali la ufunguo halijakwisha. Leo Bariadi ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012. Umeme upo, na vijana wanachomelea mageti na madirisha kando ya barabara. Mtu akiagiza sanduku la zana kama la mjomba, kwa bati la milimita moja na nusu, watalimaliza kwa siku mbili, nalo litakuwa na bati la kilo 24 hivi kabla ya engo. Mkono wa kazi tunao.

Lakini waulize vijana wanaotoka vyuo vya ufundi. Mamlaka ya VETA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na SIDO imekuwepo tangu 1973. Tumepata maelfu ya vyeti. Kijana anahitimu akiwa na cheti kwenye bahasha, halafu anakwenda kuomba kazi kwa mwenye karakana na kuazimwa grenda. Jioni anairudisha. Huyo na mjomba wa mwaka 1980 wana tofauti gani? Halmashauri zetu zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ningependa kuona sehemu ya mikopo hiyo ikitoka kama sanduku lililojaa zana, badala ya fedha ambazo huisha njiani. Na vyuo navyo, kwa nini kazi ya mwisho ya mwanafunzi isiwe kujitengenezea sanduku lake? Humo atapima, atakata, atakunja, ataunganisha. Akishindwa sanduku, tutajua mapema.

Siku ile Bariadi tulikata kufuli mbele ya wote. Ndani, juu ya trei ya bati, spana zilikuwa zimepangwa kwa ukubwa, zimepakwa grisi, hakuna hata moja yenye kutu. Mnunuzi wa chakavu alitazama, akafunga mizani yake bila kusema neno.

Kikao kiliamua sanduku lisigawanywe. Lilipewa yule mjukuu, ambaye anajifunza uchomeleaji. Jioni alikwenda dukani akanunua kufuli jipya. Ufunguo mmoja alinipa mimi nimtunzie. Nikamrudishia.