Mto wa Nairobi na Mji Wake

Wamasai waliokuwa wakinywesha ng'ombe wao mahali pale walipaita kwa maneno yenye maana ya maji ya baridi. Jina hilo likapewa mto, kisha mji, na leo yamkini ni wachache katika wakazi wake wanaokumbuka kuwa waishimo ni katika sifa ya maji. Mto wenyewe si mkubwa. Huanza katika kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu, ukashuka mashariki kupita katikati ya mji, ukakutana na Mathare na Ngong, kisha ukaingia Athi. Athi nayo, ikiisha kuvuka nyika, huitwa Galana, na mwisho Sabaki, imwagikayo baharini kaskazini ya Malindi. Kwa hiyo litupwalo mtoni Nairobi si la Nairobi peke yake.

Reli ilifika hapo tarehe 30 Mei, 1899. Mainjinia walitaka mahali tambarare penye maji, pa kuweka karakana na kupumzishia watu na vyombo kabla ya kuupanda mlima wa kuelekea Bonde la Ufa. Walivyopata ndivyo walivyotaka, walakini hawakuuliza maji yataondokaje. Udongo wa pale ni mweusi na mzito, hushika maji kama chungu, na kando ya mto palikuwa na matope matupu. Mwaka 1902 tauni ilizuka katika mtaa wa maduka ya Wahindi, na dawa iliyoonekana inafaa ni kuuchoma moto mtaa wenyewe. Maduka yaliungua; kinamasi kikabaki.

Baadaye watu waligawanywa kwa rangi, na mgawanyo huo ulifuata mwinuko wa nchi. Wazungu walijenga magharibi na kaskazini, vilimani, ambako maji huja yangali safi. Waafrika walielekezwa mashariki, Pumwani na mitaa iliyofuata, ambako mto hufika ukiisha kuupita mji mzima na kubeba kila kilichotupwa ndani yake. Watawala hawakuhitaji kutunga sheria ya kumpa mtu maji machafu. Mteremko uliwafanyia kazi hiyo. Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki. Wahenga hao hawakukaa ukingoni mwa mto huu.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 mji ulikuwa na watu wapatao 350,000. Hesabu ya mwaka 2019 ilikuta 4,397,073. Mabomba ya maji machafu hayakuongezeka kwa kadiri hiyo, na penye mabondeni, ambako ardhi haikuwa na mwenyewe aliyeonekana, ndipo maskini walipojenga. Magereji ya Barabara ya Kirinyaga, ambayo zamani ilikuwa na jina la bepari Grogan, yalimwaga oili. Gikomba ikatupa masalio ya soko. Na jaa la Dandora likawekwa karibu na maji tangu miaka ya 1970. Hayo yote yalitendeka katika mji uleule ambao tangu 1973 ni makao makuu ya shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira. Shirika hilo lilishiriki kuanzisha mpango wa bonde la mto mwaka 1999, mpango uliozaa maandishi mengi kuliko maji safi.

Aliyeujaribu mto kwa mikono ni John Michuki. Alikuwa mzee mkali, ambaye mwaka 2004, akiwa waziri wa uchukuzi, aliwafunga mikanda abiria wa matatu kwa sheria nao wakatii. Mwaka 2008 alipewa wizara ya mazingira. Vijana waliajiriwa kuzoa taka, magereji na waosha magari waliokuwa karibu na mzunguko wa Globe wakaondolewa, miti ikapandwa, na watu waliokuwa wakipita wameziba pua wakaanza kusimama kutazama. Michuki alifariki Februari 2012. Bustani ile ina jina lake hata leo, lakini maji yaliyo kando yake yalirudia weusi wake. Wengi husema ni kwa sababu mkali amekufa. Maneno hayo yana ukweli kidogo tu. Kipande kilichosafishwa kilikuwa kifupi, na maji yaliyokipitia yalitoka juu, ambako mifereji ya kinyesi ilikuwa ikifunguka mtoni usiku na mchana. Ni sawa na kupangusa mdomo wa mtungi ilhali kisima kimeoza.

Kuna na jambo la mpaka. Kanuni za mwaka 2006 zilizuia ujenzi katika ukingo usiopungua mita 6 wala kuzidi mita 30, kwa kipimo cha gharika kubwa kuliko zote zilizoandikwa. Mwaka 2018 kanuni hizo ziliangusha majumba makubwa ya matajiri, na mji ulishangilia. Aprili 2024 mvua ilifurika Mathare na Mukuru, watu wakafa, na tingatinga zikaja nyuma ya maji kubomoa vilivyosalia ndani ya mita 30. Kila nyumba iliahidiwa shilingi 10,000. Kwa fedha hiyo mtu hupanga chumba miezi michache. Hanunui mahali pa kuhamia.

Machi 2025 serikali ilizindua kazi mpya, kubwa kuliko zote zilizotangulia: kuchimbua mto, kujenga kingo, kulaza mabomba makubwa ya maji machafu, kisha njia za kutembea, bustani na nyumba kando ya maji. Mabomba ndiyo yaliyokosekana wakati wa Michuki, na kuyataja mapema ni dalili njema. Lakini ukingo unaonuka una bei moja, na ukingo wenye bustani una bei nyingine. Waliobomolewa mwaka 2024 walikaa pale kwa kuwa hapakutakiwa na mtu, na hawana hati ya kuonyesha siku nyumba zile mpya zitakapogawiwa.