Kumpima Mchezaji wa Chuo Kabla ya Drafti ya NBA

Drafti ya kwanza ya ligi ambayo leo ni NBA ilifanyika mwaka 1947, ligi yenyewe ikiwa na umri wa mwaka mmoja na ikiitwa BAA. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Timu zilitaja kwa zamu majina ya vijana waliokuwa wanamaliza chuo, na kijana akishatajwa hakuweza kuchezea timu nyingine ya ligi hiyo isipokuwa ile iliyomtaja. Pittsburgh Ironmen ndio waliotangulia, wakamchagua Clifton McNeely kutoka Texas. McNeely hakucheza hata mechi moja. Aliona afadhali kufundisha mpira wa kikapu katika shule ya sekondari huko huko Texas, nayo Ironmen ikavunjika kabla msimu mpya haujaanza.

Katika miaka hiyo kumtathmini mchezaji kulikuwa kazi ya pembeni. Kocha wa timu, ambaye mara nyingi alikuwa ndiye meneja, alisoma magazeti, akapiga simu kwa makocha wa vyuo aliowafahamu, na akipata nafasi akatazama mechi mbili tatu za vyuo zilizochezwa karibu na mji wake. Aliyecheza mbali na miji mikubwa ya mashariki alijulikana kwa takwimu za gazetini na kwa maneno ya watu. Isitoshe, ligi ilikuwa na shida ya pesa, kwa hiyo kiwango cha mchezaji hakikuwa jambo pekee lililotazamwa. Kwa zaidi ya miaka 15, hadi 1965, kulikuwa na kanuni ya eneo: timu iliweza kuacha chaguo lake la raundi ya kwanza ili imchukue kijana wa karibu na mji wake, kwa matumaini kwamba mashabiki waliompenda chuoni watakata tiketi kumfuata. Wilt Chamberlain alichukuliwa na Philadelphia kwa njia hiyo mwaka 1959 ingawa alisoma Chuo Kikuu cha Kansas. Hoja ilikuwa kwamba sekondari alisoma Philadelphia.

Tathmini iliyobadilisha fikra za watu wa kazi hii ni ya mwaka 1956. Bill Russell alikuwa ameiongoza timu ya Chuo Kikuu cha San Francisco kutwaa ubingwa wa vyuo mara mbili mfululizo, na hakuna aliyebisha kwamba alikuwa mchezaji mkubwa wa chuo. Ubishi ulikuwa juu ya thamani yake baada ya chuo. Kutupa mpira kutoka mbali hakuwa hodari, na wakati huo senta alihesabiwa kwa pointi alizofunga. Mafundisho ya ulinzi nayo yalimtaka mlinzi abaki na miguu chini, asiruke mpaka mpinzani ameruka. Russell alifanya kinyume: aliruka, akaugusa mpira uliokuwa tayari unaelekea golini, na mara nyingi akausukuma kwa mwenzake badala ya kuupiga nje ya uwanja. Kitendo kimoja kilimnyima mpinzani pointi na papo hapo kikaanzisha shambulio upande wa pili. Katika takwimu za gazeti la siku hizo kitendo hicho hakikuwa na mahali pa kuandikwa.

Red Auerbach wa Boston Celtics alielewa maana yake. Bill Reinhart, kocha aliyemfundisha Auerbach mwenyewe katika Chuo Kikuu cha George Washington, alikuwa amemweleza mapema kuhusu kijana huyu wa pwani ya magharibi. Boston walikuwa na wafungaji wengi na hawakuwa na mtu wa kuwapatia mpira baada ya mpinzani kukosa. Auerbach akawatoa Ed Macauley na Cliff Hagan kwa St. Louis Hawks ili apate chaguo la pili. Rochester Royals, wenye chaguo la kwanza, walikuwa tayari na mdakaji hodari wa ribaundi, Maurice Stokes, wakamchukua Sihugo Green. Russell alitwaa ubingwa mara 11 katika misimu 13. Aliyempatia nafasi hiyo ni kocha aliyejiuliza timu yake inakosa nini, akamtafuta kijana wa kuziba pengo hilo, bila kujali kama ndiye mfungaji bora wa mwaka.

Kosa kubwa zaidi la zama hizo halikutokana na kutazama vibaya, lilitokana na kukataa kutazama. Mpaka mwaka 1950 hakuna mchezaji mweusi aliyekuwa amechaguliwa katika drafti. Mwaka huo Boston walimchagua Chuck Cooper katika raundi ya pili, na Washington Capitols wakamchukua Earl Lloyd katika raundi ya tisa. Lloyd ndiye mweusi wa kwanza kucheza mechi ya NBA, tarehe 31 Oktoba 1950. Hata baada ya mlango kufunguliwa, vyuo vya Wamarekani weusi vya kusini viliendelea kuwa nje ya njia za wasaka vipaji. Timu zao hazikualikwa kwenye mashindano makubwa, magazeti makubwa hayakuziandika, na pointi zilizofungwa huko zilidharauliwa kwa madai kwamba wapinzani walikuwa dhaifu. Dhuluma hiyo iliwapotezea vijana wengi riziki yao, na kwa wasaka vipaji waliokuwa tayari kusafiri vyuo hivyo vilikuwa kama shamba lisilo na mvunaji.

Marty Blake, meneja wa Hawks, alikuwa mmoja wao. Mwaka 1962 alimchagua Zelmo Beaty kutoka chuo cha Prairie View huko Texas. Red Holzman, ambaye kabla ya kuwa kocha maarufu wa New York Knicks aliifanyia timu hiyo usakaji kwa miaka kumi, alizunguka vyuo vya aina hiyo, na mwaka 1964 Knicks walimpata Willis Reed wa Grambling, Louisiana, katika raundi ya pili. Reed aliwapa ubingwa mwaka 1970 na 1973. Mwaka 1967 Baltimore Bullets walimchukua Earl Monroe wa Winston-Salem State, aliyekuwa amefunga wastani wa pointi 41.5 kwa mechi. Jerry Krause, kijana aliyekuwa msaka vipaji wa Baltimore, alikuwa miongoni mwa waliomtetea. Takwimu ya Monroe ingeweza kutiliwa shaka na mtu aliyeisoma ofisini. Aliyekwenda kuketi kwenye jukwaa na kuona jinsi alivyogeuka na mpira mkononi, mlinzi akabaki nyuma yake, hakuwa na la kushuku.

Tangu hapo usakaji ukawa taaluma. Blake mwenyewe aliondoka Hawks na baadaye akawa mkuu wa usakaji wa ligi nzima, akituma orodha na ripoti kwa timu zote. Mashindano ya Portsmouth, Virginia, yaliyoanza mwaka 1953, yakawa mahali pa kuwakutanisha vijana wa mwaka wa mwisho mbele ya wanunuzi wao. Scottie Pippen alifika huko mwaka 1987 kutoka Central Arkansas, chuo ambacho hakikuwa hata kwenye daraja la vyuo vikubwa. Alikuwa ameanza chuo akiwa mtunza vifaa vya timu, mwenye urefu wa takriban mita 1.85, kisha akarefuka akiwa mwanafunzi hadi kukaribia mita 2.01, huku ustadi wa kuuchezea mpira alioupata akiwa mfupi ukibaki mikononi. Krause, safari hii akiwa meneja wa Chicago Bulls, aliitazama mikono ile mirefu akahakikisha anampata.

Kazi hii ingekuwa nyepesi kama chuo na ligi ya kulipwa vingekuwa na mchezo mmoja. NBA ilianza kutumia saa ya sekunde 24 mwaka 1954. Vyuo havikuwa na saa ya namna hiyo kote nchini hadi msimu wa 1985–86, na ilipokuja ilikuwa ya sekunde 45. Mstari wa pointi tatu uliingia NBA mwaka 1979, na vyuo vyote vikaupata mwaka 1986, tena ukiwa karibu zaidi na goli. Senta wa chuo anapolinda anaweza kukaa chini ya goli mchana kutwa; katika NBA, tangu msimu wa 2001–02, mlinzi asiye na mtu wa kumkaba haruhusiwi kusimama mle zaidi ya sekunde tatu. Kwa hiyo msaka vipaji humtazama kijana katika mchezo mmoja ili atabiri mwingine, na sifa ileile inaweza kuwa dhahabu huku na mzigo kule.

Mwili nao uliingia kwenye mizani. Mwaka 1984 Portland, wenye chaguo la pili baada ya Houston kumchukua Hakeem Olajuwon, walimpima kwa saa nyingi Sam Bowie wa Kentucky, aliyekosa misimu miwili ya chuo kwa sababu ya mfupa wa mguu. Walikuwa na Clyde Drexler katika nafasi ya Michael Jordan, na walihitaji senta. Wakamchukua Bowie, mifupa ikamsumbua tena, naye Jordan akaenda Chicago akiwa wa tatu. Hoja ya kujaza pengo iliyowapa Boston Russell ndiyo iliyowanyima Portland Jordan. Miaka miwili baadaye Len Bias wa Maryland, aliyechaguliwa wa pili na Boston, alifariki kwa kokeini siku mbili baada ya drafti. Maisha ya kijana nje ya uwanja hayakuweza tena kuchukuliwa kama jambo lisiloihusu timu.

Umri ulileta ugumu mwingine. Zamani mchezaji alisubiri mpaka wenzake wa darasa lake wahitimu, hivyo timu ilikuwa na miaka mitatu au minne ya kumtazama. Kesi ya Spencer Haywood, iliyofika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1971, iliivunja kanuni hiyo, na miaka ya 1990 vijana walikuwa wanatoka sekondari moja kwa moja. Tangu drafti ya 2006 wametakiwa kuwa na miaka 19 na kupitisha mwaka mmoja baada ya sekondari. Wengi wenye vipaji hupita chuoni kwa msimu mmoja tu, yaani mechi thelathini na kitu.

Ushahidi ulipopungua, vipimo viliongezeka. Katika kambi ya vipimo kabla ya drafti kijana hupimwa urefu bila viatu, upana wa mikono iliyonyooshwa, kimo anachofikia akiinua mkono, mruko na kasi. Mwaka 2007 Kevin Durant wa Chuo Kikuu cha Texas alilala chini ya chuma cha kilo 84 akashindwa kukiinua hata mara moja. Seattle walimchukua wa pili hata hivyo, na akawa mmoja wa wafungaji wakubwa wa historia ya mchezo. Greg Oden, aliyechaguliwa wa kwanza na Portland, aliangushwa na magoti.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki drafti iliyo karibu zaidi ni ya 2009. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alianza kucheza akiwa na miaka kama 15, na miaka michache baadaye alikuwa senta wa Chuo Kikuu cha Connecticut mwenye urefu wa mita 2.21. Katika msimu wake wa tatu alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na mitupo 4.2 iliyozuiwa kwa kila mechi, na timu yake ikafika nusu fainali ya taifa. Wengi walimlinganisha na Dikembe Mutombo, Mkongo aliyetoka Georgetown mwaka 1991 na kuwa mmoja wa walinzi bora wa goli. Ulinganisho huo ulikuwa na msingi: wote wawili waliujua mchezo wakiwa wakubwa, na wote wawili waliwafanya wapinzani wafikiri mara mbili kabla ya kukaribia goli.

Februari ya mwaka huo, Connecticut ikiwa namba moja nchini, Pittsburgh walikuja na DeJuan Blair, senta wa mita 2.01 tu lakini mzito na mpana. Katika kugombea ribaundi mikono yao ilinasana, na Blair akamvusha Thabeet juu ya bega lake hadi sakafuni. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23. Mechi hiyo ilionyesha wazi kwamba Thabeet alisukumwa kirahisi na mtu mwenye nguvu za miguu, na kwamba alipotolewa mahali pake hakuwa na namna ya pili. Lakini urefu haufundishiki, nguvu hujengwa. Ndivyo watu wa kazi hii walivyoamini, na Memphis walimchukua wa pili. Waliofuata ni pamoja na James Harden, wa tatu, na Stephen Curry, wa saba, aliyekuwa mfungaji bora wa vyuo vyote nchini lakini akitoka chuo kidogo cha Davidson na mwenye mwili mwembamba. Thabeet hakufika msimu wa pili kabla ya kushushwa kwa muda ligi ndogo. Blair, ambaye madaktari walikuta magoti yake hayana mishipa ya kati inayoyashikilia, aliporomoka hadi nafasi ya 37 kwa San Antonio, akacheza mechi zote 82 za msimu wake wa kwanza.

Si haki kumbebesha Thabeet peke yake hesabu hiyo. Alikuwa na miaka michache tu ya mchezo mwilini, na ligi yenyewe ilikuwa inageuka. Timu zilikuwa zinahamia kwenye mitupo ya mbali, na senta akaanza kutakiwa kumfuata gadi mwepesi mita saba kutoka golini. Wakati huohuo ofisi za timu zilijaa watu wa takwimu. Houston ilimfanya Daryl Morey, mtu wa hesabu, kuwa meneja mkuu mwaka 2007, na mbinu zao zikaenea: takwimu za chuo hurekebishwa kwa kasi ya mchezo, nguvu za wapinzani na umri. Umri una uzito mkubwa, kwa sababu pointi 15 za mwenye miaka 19 hutabiri mengi kuliko pointi 15 za mwenye miaka 22 anayewachezea wadogo zake. Aidha ilionekana kwamba mitupo ya adhabu, ambayo kila mchezaji hutupa kutoka mahali palepale bila kukabwa, hueleza ufundi wa mkono wa mtupaji kuliko mitupo michache ya pointi tatu aliyobahatika kufunga chuoni.

Mizani hiyo mpya ndiyo iliyomhukumu Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi. Mwaka 2022, akiwa Kentucky na wastani wa pointi 17.4 na ribaundi 15.1, alitangazwa mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani. Msaka vipaji wa mwaka 1956 angemwita senta kamili. Wa mwaka 2023 aliona kijana wa miaka 23, mfupi kwa senta, asiyetupa kutoka mbali na anayepata shida kukaba nje ya eneo la goli. Usiku wa drafti yalisomwa majina 58, lake halikuwamo. Indiana Pacers walimpa mkataba wa njia mbili, unaomruhusu mchezaji kupanda na kushuka kati ya NBA na timu ya ligi ndogo, na huko chini aliendelea kudaka ribaundi kwa wingi uleule aliokuwa nao Kentucky.